Shajara ya mtaro wa mtaa wetu, Mtwara: Juni 2024 hadi Januari 2025

Jumapili, 9 Juni 2024

Mvua zimekatika na mchanga umekauka, lakini alama ya maji bado inaonekana kwenye kuta za nyumba tatu za chini, usawa wa goti. Leo mchana tumekaa chini ya mwembe wa nyumba ya kona, wakazi thelathini na kitu, wengi wao akina mama. Mwenyekiti wa mtaa alianza kwa swali moja: nguvu na fedha kidogo tulizonazo tuzielekeze wapi kwanza? Majibu yakamiminika. Taa. Uzio wa shule. Kijana mmoja wa bodaboda akasema lami kabla ya yote. Bibi wa nyumba ya kona, ambaye maji yameingia chumbani kwake misimu miwili mfululizo, akanyanyua mkono: "Wajukuu zangu, hiyo lami mtaiweka juu ya maji?" Baada ya hapo hapakuwa na mabishano.

Katikati ya mji wa Mtwara kulipangwa miaka ya 1940, wakati bandari ikijengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga, na upana wa barabara zake unaonyesha hivyo. Huku kwetu, kwenye mteremko wa kuelekea mikokoni, nyumba zilitangulia, njia ikafuata, mtaro ukaja mwisho kama handaki la udongo lililochimbwa kwa jembe. Kimbunga Hidaya cha tarehe 4 Mei kilipita kaskazini kwetu, upande wa Mafia, lakini kila aliyeyaona mawingu yale alikumbuka Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipoingia Msumbiji na sisi tukaambiwa tukae tayari kuhama.

Nimechaguliwa kuwa katibu wa kamati ya mtaro. Nitaandika kila hatua humu, maana mtaro huu huu uliwahi kuzibuliwa miaka mitatu iliyopita na hakuna aliyebaki na hata karatasi moja ya kuonyesha nani alifanya nini na kwa fedha ya nani.

Jumamosi, 15 Juni

Tumepima kwa kamba yenye mafundo. Kutoka nyumba ya kona hadi kwenye kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara, ni mita 140. Sehemu nne zimeziba kabisa, mbili kati ya hizo kwa udongo ambao wenye nyumba wenyewe waliujaza ili wapate pa kupita. Kwenye dimbwi la katikati maji ni meusi, na viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani yake mchana kweupe.

Afisa afya wa kata alikuwa nasi, na maneno yake yaliwanyamazisha hata wale waliokuja kutazama tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliuweka mkoa wetu karibu na kilele cha malaria nchini: kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, karibu 20 walikutwa nayo. Kisha akaonyesha dimbwi. Mbu wanaozaliana kwenye maji machafu namna hii ndio wanaoeneza matende na mabusha huku pwani. Wazee wawili waliokuwa wamesimama pembeni walitazamana. Ugonjwa huo hapa kwetu hauhitaji kuelezwa.

Jumatatu, 24 Juni

Wiki nzima nimekuwa nikitafuta jibu la swali lililonionekea jepesi: mtaro huu ni wa nani?

Ninaandika kwa urefu kwa sababu najua mitaa mingine inakwama hapa hapa. Barabara za mijini na vijijini, pamoja na mitaro ya pembezoni mwake, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Takataka ni za halmashauri ya manispaa. Bomba linalokatiza mtaro wetu mahali pawili ni la MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara. Nguzo iliyosimama ukingoni ni ya TANESCO, shirika la umeme. Mpaka kati ya kiwanja cha mtu na njia ya wote unaonekana kwenye ramani ya idara ya ardhi. Kwa hiyo mita 140 za mtaro zina milango mitano, na ukibisha mlango usio wake utaambiwa kwa adabu kabisa kwamba umepotea njia.

Fedha nazo zina njia zake. Kwenye kikao watu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: kodi ya jengo tunakatwa kila mwezi kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 ilipoanza mwaka 2021 na 1,500 tangu 2023 kwa nyumba ya kawaida, mbona haionekani mtaani? Nimewaeleza kwamba fedha ile haiingii kwenye kasha la mtaa. Inakusanywa serikalini na kurudi, ikirudi, kwa njia ya bajeti. Fedha ya matengenezo ya barabara kwa sehemu kubwa inatokana na mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Kijana wa bodaboda alipolisikia hilo alisema, basi na mimi nina changu humo. Ndiyo, anacho. Na ndiyo maana anapaswa kuwepo siku vipaumbele vinapopangwa.

Barua yetu ya kwanza ilikaa wiki mbili katika ofisi moja bila kuonekana. Haikuwa na kumbukumbu namba, haikuwa na muhuri wa mtaa, na mimi sikubaki na nakala. Kuanzia leo kila barua inatoka na nakala mbili, moja inapigwa muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu na kurudi kwenye faili hili.

Jumamosi, 29 Juni

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Tumetoka saa moja asubuhi tukiwa na sururu tatu, machepeo manne, reki na toroli moja la kuazima ambalo gurudumu lake linalia. Watu 41. Tumejaza viroba 63.

Mifuko ile myembamba ya plastiki iliyopigwa marufuku Juni 2019 imebaki michache sana, na hilo linaonekana kabisa ukichimbua tabaka la juu na la chini. Sasa tunachotoa ni chupa za maji, pampasi, makumbi ya nazi na vitambaa vya cherehani. Pampasi ndizo mbaya zaidi. Zinanyonya maji, zinavimba, zinakaa mlangoni mwa kalavati kama matofali.

Nyongeza ya wiki iliyofuata. Kosa letu: tulizibua kwanza, gari la taka tukalitafuta baadaye. Viroba vimekaa ukingoni siku sita, mbuzi wakavitoboa, nusu ya uchafu ikarudi tulikoutoa. Gari likaja hatimaye na mzigo ukaenda dampo la Mangamba. Tangu leo utaratibu unageuka: siku ya gari ndiyo inayopanga siku ya kuzibua.

Julai

Hakuna cha kuandika sana. Nusu ya wanaume wa mtaa wako mashambani kupuliza mikorosho, na hakuna mtu atakayeacha maua ya korosho yaharibike kwa sababu ya mtaro. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona hasira yangu haina msingi. Korosho hiyo ndiyo itakayolipa saruji.

Mhandisi wa barabara alikuja tarehe 18 akiwa na kifaa cha kupimia usawa. Jambo kubwa alilotuambia: tatizo la mtaro wetu halikuwa takataka peke yake. Mita 30 za katikati zimelala, maji hayana pa kukimbilia, na hata tukizibua kila siku udongo utatua pale pale. Ametuchorea mtaro wenye kuta zilizoinama, mpana juu na mwembamba chini, maana udongo wa Mtwara ni kichanga na ukuta uliosimama wima unasukumwa na kuanguka.

Jumamosi, 31 Agosti

Kikao kirefu kuliko vyote. Michango.

Kamati ilipendekeza shilingi 2,000 kwa kila kaya kwa mwezi, miezi minne. Mpangaji mmoja, mama muuza vitumbua, akasimama na kusema waziwazi: "Mwenye nyumba yangu yuko Dar, kodi naituma kwa simu kila mwezi, hajawahi kuuliza kama maji yaliingia. Mimi nitengeneze nyumba yake?" Alikuwa anasema kweli. Mwenye nyumba mwingine akajibu kwamba malaria haimuulizi mtu kama ni mpangaji. Naye alikuwa anasema kweli. Tukakaa hapo karibu saa nzima.

Tulichokubaliana: mchango wa saruji na nondo ni wa mwenye nyumba, awe hapa au Dar au Muscat. Mwenyekiti atawaandikia walio mbali barua moja moja. Anayeishi ndani, mwenye nyumba au mpangaji, anatoa siku moja ya kazi kwa mwezi. Asiyeweza kazi kwa umri au maradhi haandikwi deni. Mama muuza vitumbua akasema siku yake ya kazi ataitoa kwa kuwapikia wachimbaji uji, tukaipokea kwa makofi.

Nyongeza ya baadaye: kati ya wenye nyumba tisa walio mbali, sita walituma fedha ndani ya wiki mbili. Wengine walisema hawakuwa wakijua kabisa hali ya mtaa.

Jumanne, 10 Septemba

Tumeanza kuchimba. Fundi anatumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ile. Maji yakitulia ndipo anapiga alama kwenye vigingi. Kwa kila mita kumi tunashuka sentimita kumi. Vijana walidhani ni mchezo mpaka walipoona alama zinavyoteremka kwenye kamba kutoka juu hadi kwenye kalavati. Tangu siku hiyo hawakubali mtu apige sururu bila kuangalia vigingi kwanza.

Ijumaa, 13 Septemba

Tumekata bomba. Kosa ni letu, na ninaliandika kama lilivyo. Tulikuwa na alama ya mahali pamoja linapokatiza, pa pili tukakisia. Fundi wa MTUWASA alifika jioni ile ile na kulifunga, lakini nyumba kumi na moja zilishinda bila maji. Mwenyekiti na mimi tumepita nyumba hadi nyumba kuomba radhi. Sasa kabla ya kuchimba mahali popote penye bomba, tunamwita kwanza mtu wa maji aje aonyeshe kwa mkono wake.

Jumamosi, 28 Septemba

Mita 52 zimejengwa kwa mawe. Udongo wa saruji ni ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga. Kulikuwa na rai ya kuchukua mchanga wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure, fundi akakataa katakata: una chumvi, utakula nondo za vifuniko, na kuchota ufukweni ni kuibomoa pwani yenyewe. Tumenunua mchanga wa machimbo. Saruji kwa bahati haisafiri mbali, kiwanda kikubwa kiko hapa hapa mkoani.

Kazi inayosahaulika ni kumwagilia. Mawe yakishajengwa yanahitaji maji asubuhi na jioni kwa siku saba, la sivyo jua la hapa linaikausha saruji kabla haijashika na kidole kinaichimbua. Wanafunzi wa darasa la sita wanaokaa mtaani wamegawana zamu. Wana daftari lao, wameliandika wenyewe, na ni safi kuliko hili langu.

Jumatano, 16 Oktoba

Baraza la mzee wetu wa nyumba ya saba limeingia kwenye njia ya mtaro kwa karibu nusu mita. Ramani inaonyesha hivyo. Kijana mmoja wa kamati alitaka tuandike barua ya kisheria na kunukuu Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Sikuafiki. Mzee huyu amekaa hapa kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na baraza lile ndilo watu wanalokalia kila jioni wakisubiri magharibi.

Tukaenda watu wanne, mmoja wao imamu, baada ya swala. Tukamwamkia, tukakaa kwenye baraza lenyewe, tukazungumza mambo ya korosho na bei za mnada, kisha imamu akamwambia habari ya maji ya bibi wa kona. Mzee alinyamaza kwa muda. Akauliza: "Mkikata, mtanirudishia ngazi?" Tukasema ndiyo. Akasema, "Basi kesho asubuhi, kabla sijabadili nia."

Tumekata alfajiri na ngazi mpya imekamilika jana. Imetugharimu mifuko mitatu ya saruji ambayo haikuwa kwenye makadirio. Ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika mradi huu.

Jumamosi, 9 Novemba

Fedha za korosho zimeanza kuingia na michango imekuja kwa kasi ambayo Agosti isingewezekana. Laiti tungepanga hivyo tangu mwanzo! Mtu wa Mtwara usimuombe mchango mwezi wa nane. Mwombe baada ya mnada.

Mjadala wa vifuniko umekwisha. Wengi walitaka mtaro wote ufunikwe, unapendeza macho. Mimi na fundi tulipinga. Mtaro uliofunikwa kote hauonekani ukiziba, na siku ukiziba hakuna atakayeinua vifuniko 200. Tumefunika mbele ya milango na kwenye vivuko tu. Kila kifuniko kina vishikio viwili vya nondo na uzito ambao watu wawili wanaweza kuuinua. Tumevipaka namba kwa rangi, 1 hadi 38.

Jumamosi, 30 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Jumatano tarehe 27 na tuna mwenyekiti mpya. Wengi walihofia mradi utaishia hapo. Leo, baada ya usafi, mwenyekiti aliyemaliza muda wake na huyu mpya wametembea pamoja kutoka nyumba ya kona hadi kwenye kalavati, mimi nikiwasomea shajara hii kituo kwa kituo. Zimebaki mita 9. Faili la barua, stakabadhi na funguo za kibanda cha zana vimekabidhiwa kwa saini. Yule wa zamani amebaki mjumbe wa kamati. Nilipowaona wakisaidiana kuinua kifuniko namba 12 moyo wangu ulitulia.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimefika kwenye kamati ya maendeleo ya kata na mapendekezo yetu ya bajeti ijayo. Hatukuomba mtaro mpya. Tumeomba kalavati lipanuliwe, safari mbili za gari la taka kwa mwezi zenye siku inayojulikana, na zana: matoroli mawili, machepeo kumi, buti za mpira. Mjumbe mmoja alishangaa tunaomba buti wakati mitaa mingine inaomba barabara. Nikamwambia mtaro uliozibuliwa miaka mitatu iliyopita ulikufa kwa kukosa hivyo hivyo vitu vidogo.

Vijana watano wa mtaa wamesajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii. Wanaomba mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule ambao sehemu 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, usio na riba. Ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe na kurejeshwa 2024. Wanataka guta mbili, vyombo vya magurudumu matatu vya kubebea mizigo, za kuzoa taka nyumba hadi nyumba. TARURA nao huvipa vikundi vya kijamii kazi ndogo za kufyeka na kuzibua mitaro, kwa hiyo wameanza kuuliza masharti yake pia. Ninawaombea wafanikiwe katika yote mawili, guta na kazi.

Jumamosi, 14 Desemba

Taarifa za kimbunga Chido zimeenea. Tumeacha kila kitu na kwenda kwenye kalavati. Matawi, magunia, na pampasi tena. Tumesafisha hadi giza kwa taa za simu.

Jumatatu, 16 Desemba

Kimbunga kiliingia nchi kavu jana, Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Huku tumebaki salama. Wapo hapa mtaani wenye ndugu huko na simu hazipatikani. Leo hatukufanya kazi.

Alhamisi, 19 Desemba

Mvua kubwa ya kwanza, kuanzia saa tisa usiku. Nilitoka na mwavuli na tochi. Maji yalikuwa yakikimbia ndani ya mtaro kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia mtaani hapa. Mita zile 30 zilizokuwa zimelala, sikuziona tofauti na nyingine. Kwenye kalavati maji yalipanda yakamwagika njiani kwa muda wa kama nusu saa. Mdomo wake ni mdogo, kama mhandisi alivyosema. Hakuna nyumba iliyoingiwa.

Bibi wa kona alikuwa macho, ameketi mlangoni na kanga mbili mabegani. Sakafu yake ilikuwa kavu. Miguu ya kitanda bado iko juu ya matofali. Aliniambia hatayaondoa kwanza, atasubiri mvua ya pili na ya tatu.

Jumamosi, 25 Januari 2025

Ratiba ya utunzaji imebandikwa ukutani kwa duka la kona. Kila nyumba ina mita zake na jina la mtu mmoja. Kalavati ni la kamati, kila Jumamosi mbili. Gari la taka tumepewa Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na mwezi huu lilikuja. Salio la mchango ni shilingi 87,500, limeandikwa kwa kalamu nzito chini ya ratiba ili kila apitaye alione.

Kifuniko namba 7 kimepata ufa, lori la kokoto lilipita juu yake. Fundi atamwaga kipya Jumanne, na zamu ya kumwagilia ni ya watoto wa nyumba ya tano. Mbele ya nyumba ya saba tumekuta udongo umeanza kutua, kama vidole viwili, nao umeondolewa leo.

Nimepita kwa bibi kumsalimia. Matofali ameyashusha. Ameyapanga nje, kandokando ya mtaro, na kupanda mchaichai katikati yake.